Wadi Si Zawadi

Mkutano uliitishwa saa nne, ukaanza saa sita, kama ilivyo ada. Tulikuwa chini ya mkungu katika uwanja wa shule ya msingi, upande wa bara wa mji ninaoishi. Viti vya plastiki vilikuwa vya kukodi, na maji ya chupa yaliishia meza kuu. Ramani ya wadi yetu ilikuwa imechorwa kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila na kubandikwa ukutani. Katikati yake palipigwa mstari mwekundu. "Huku tutaita Kaskazini, huku Kusini," akatangaza kijana aliyeshika kipaza sauti, na watu wakapiga makofi kana kwamba wamegawiwa viwanja.

Mama mmoja anayeuza mahamri njia panda akasimama. "Mwanangu, wadi ikishakuwa mbili, maji yatatoka?"

Akaambiwa kuwa wadi mbili ni wawakilishi wawili, na wawakilishi wawili ni sauti mbili. Akaketi, akajifunika leso vizuri, hakuuliza tena. Swali lake bado liko pale chini ya mkungu.

Mikutano ya namna ile iko kila kona ya Kenya, na imani inayoiendesha ni moja: ukigawanya, umepata. Wadi ikikatwa mbili, watu wake wamewakilishwa zaidi, maendeleo yamesogea, na waliokuwa pembeni wamekuja katikati. Naipinga imani hiyo, tena naipinga nikiwa mkazi wa wadi iliyofurika watu kwelikweli, ambayo kwa hesabu yoyote ina haki ya kulalamika. Kulalamika tuna haki. Dawa tunayoiomba ndiyo siyo.

Katiba ya 2010 inaitaka Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ipitie idadi, majina na mipaka ya wadi kila baada ya muda. Lakini Sheria ya Serikali za Kaunti imeshaweka jumla yake: wadi 1,450 kwa nchi nzima, si moja zaidi. Tume inapokaa na ramani zake haina bohari ya wadi za akiba. Inakata kitambaa kimoja, na fundi yeyote wa cherehani atakwambia ukirefusha mikono, shati litakuwa fupi mgongoni. Yetu ikikatwa mbili, mahali fulani wadi mbili zitaunganishwa ziwe moja, na watu wa huko nao wana mkungu wao na kijana wao mwenye kipaza sauti. Nimehudhuria mikutano mingi ya kuomba wadi igawanywe. Wa kuomba wadi iunganishwe na ya jirani sijapata kuusikia hata kwa fununu.

Utaniambia sheria ni ya Bunge, na Bunge linaweza kuibadilisha wadi ziwe 2,000. Linaweza. Tulishawahi kuonjeshwa tamaa hiyo kwa upande wa maeneobunge, pale mpango wa BBI wa kubadilisha Katiba ulipokuja na maeneobunge mapya 70 yakiwa yamekwisha kugawiwa kaunti, mpaka Mahakama ya Juu ikalizima jambo lile Machi 2022. Nakumbuka namna watu walivyoshangilia orodha, kila mmoja akitafuta kaunti yake kama anayetafuta jina la mwanawe kwenye matokeo ya mtihani. Hakuna aliyekuwa akiuliza kura yake itakuwa na uzito gani. Na hapo ndipo penye kiini cha mambo, kwa sababu mizani iliyopinda hainyooki kwa kuongezewa mawe. Wadi zikiwa 1,450 zimepinda, au zikiwa 3,000 zimepinda, aliyepunjwa amepunjwa.

Upunjaji wenyewe tunaupima vibaya. Kila mjadala wa mipaka ukianza, redioni au kijiweni, mtu atakuja na maeneobunge ya Ruiru na Lamu Mashariki. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 371,111 Ruiru na 22,258 Lamu Mashariki. Kila moja ina mbunge mmoja. Kwa upande wa Bunge la Taifa hoja hiyo ni nzito, na haina jibu la mzaha: wabunge hao wawili wanakaa ukumbi mmoja, wanapiga kura mswada mmoja, na mmoja amebeba watu wa mwenziwe mara 16 na ushei. Ila hoja hiyo hiyo huhamishwa kama ilivyo, ikabandikwa kwenye wadi. Ruiru ina wadi 8, Lamu Mashariki ina 3, basi watu wanagawanya, wanapata wastani wa watu 46,000 kwa wadi kule na 7,400 huku, wanapiga meza.

Wanapiga meza bure. Mwakilishi wadi wa Ruiru anakaa bunge la kaunti ya Kiambu. Mwakilishi wadi wa Faza, Lamu Mashariki, anakaa bunge la kaunti ya Lamu. Hawakutani popote kupiga kura. Hakuna bajeti wanayoigombania wala mswada wanaovutana. Kuwalinganisha ni kupima chumvi ya vyungu viwili vya majiko mawili na kusema kimoja kimemwibia mwenziwe. Ukitaka kujua kama mkazi wa Ruiru amepunjwa katika bunge la kaunti yake, mlinganishe na mkazi wa Gatundu, au wa Lari. Jirani wa chungu kimoja ndiye wa kumwangalia.

Basi tuangalie chungu kimoja, na nachagua Lamu kwa sababu ni kidogo na kila kitu kinaonekana. Kaunti ina wadi 10. Tatu ziko Lamu Mashariki: Faza, Kiunga na Basuba. Saba ziko Lamu Magharibi: Shella, Mkomani, Hindi, Mkunumbi, Hongwe, Bahari na Witu. Magharibi kuna watu 121,662, yaani kama 17,400 kwa wadi. Mashariki ni hao 7,400. Bunge la Lamu linapohesabu mikono, mkazi wa Mashariki ana uzito wa zaidi ya watu wawili wa Magharibi. Hilo ni pengo la kweli, la ndani ya nyumba moja.

Mtu wa hesabu atasema ni rahisi: unganisha za Mashariki, ongeza za Magharibi. Aende akayaseme hayo Faza. Lamu Magharibi ndiko kuliko na mradi wa makazi wa Mpeketoni, ulioanzishwa miaka ya 1970 kwa ajili ya familia zilizotoka bara, na Mashariki ndiko kwao Wabajuni na Waaweer. Ukisogeza mstari pale umesogeza nguvu kutoka kwa jamii moja kwenda kwa nyingine, katika kaunti ambayo habari ya ardhi haijapata kulala hata siku moja. Sisemi mstari usisogezwe. Nasema anayeusogeza ajue anagusa nini, wala asijifiche nyuma ya kikokotoo.

Tena iko Basuba. Vijiji vyake vimo ndani na pembezoni mwa msitu wa Boni: Mangai, Milimani, Basuba kwenyewe, Mararani, Kiangwe. Waaweer wa huko waliishi kwa uwindaji na asali hadi uwindaji ulipopigwa marufuku, kisha operesheni ya usalama ya mwaka 2015 ikaukuta msitu wenyewe. Kuna shule na zahanati zilizofungwa kwa miaka. Kwa hesabu tupu Basuba haistahili kuwa wadi. Iunganishe na Kiunga, na uchaguzi unaofuata Mwaaweer hatachaguliwa, wala ule utakaofuata. Katiba inazo nafasi za kuteuliwa kwa ajili ya makundi yaliyotengwa, ndiyo, lakini orodha ya uteuzi huandikwa na chama, na aliyeandikwa na chama hujibu chama. Katiba hiyo hiyo inaitaka tume iangalie pia mafungamano ya jamii, historia, uchumi, utamaduni na njia za mawasiliano, ikaruhusu maeneobunge na wadi kupishana na wastani kwa asilimia 40 mijini na penye watu wachache, na 30 kwingineko. Basuba iko mbali hata na nafuu hiyo. Mimi ningeiacha. Ningeiacha nikisema waziwazi kwamba ni upendeleo, kwamba mtu wa Hindi anaulipia, na nikimweleza mtu wa Hindi kwa nini. Faza na Kiunga nisingezipa kinga hiyo kwa jina tu. Zingepimwa kama wengine.

Nimekaa Lamu kwa muda, najua. Ni kwa sababu pale panaonyesha kitu ambacho ile karatasi ya manila inakificha: swali la mpaka ni swali la nani anapungua ili nani aongezeke. Kijana wa kipaza sauti alituchorea wanaoongezeka watupu.

Kwa nini basi imani hii inashamiri? Pesa. Katika kaunti kadhaa hazina ya maendeleo ya wadi hukatwa vipande sawa: wadi kubwa kipande kimoja, ndogo kipande kimoja. Basari za karo vivyo hivyo. Hapo mtu mwenye akili zake timamu atataka nini kama si wadi ya pili? Watu wetu si wajinga. Wameona mahali mfereji unapopita, wakaleta ndoo. Ila tumegeuza mstari wa kura kuwa mstari wa mgao, wadi ikawa zawadi, na tume ya uchaguzi ikawa inaombwa kazi ya mweka hazina. Kama pesa za wadi zingegawanywa kwa hesabu ya watu na kiwango cha umaskini, jambo ambalo bunge la kaunti linaweza kulipitisha bila kugusa ramani, nusu ya mikutano ya chini ya mikungu ingekosa wahudhuriaji. Na mwenye kugombea wadi mpya, ambaye mara nyingi ndiye huyo huyo aliyekodi viti, angelazimika kutafuta hoja nyingine.

Hata hizo sauti mbili tulizoahidiwa tuziangalie kwa karibu. Wadi yetu ya sasa inapakana na jirani yake kwenye mtaro ulio nyuma ya soko. Mtaro ule umeziba. Ukiuliza upande huu unaambiwa ni wa upande ule. Ukivuka ubao kwenda upande ule unaambiwa urudi ulikotoka. Mwaka wa pili sasa maganda ya madafu yanaelea hapo na harufu haiulizi umetoka wadi gani. Wala kuzibua mtaro si kazi ya mmoja wao: mwakilishi wadi ametumwa kutunga sheria na kuibana serikali ya kaunti mpaka izibue. Wawili wangeweza kuibana pamoja. Badala yake mpaka umewapa wote wawili mahali pa kujificha. Ule mstari mwekundu wa kwenye manila nao unapita kwenye mtaro mwingine, mrefu zaidi, unaoshuka kutoka mtaa wa juu. Nilimwonyesha jirani yangu kitini. Akacheka, akasema, "Huo sasa utakosa mwenyewe."

Waliochelewesha kazi yenyewe ya kupitia mipaka wametusaidia kuota. Mipaka tuliyo nayo ilichapishwa Machi 2012, kwa takwimu za sensa ya 2009, na ilifuatwa na kesi zaidi ya 100 mahakamani. Katiba inataka maeneobunge yapitiwe upya ndani ya miaka 8 hadi 12, kwa hiyo kikomo kilikuwa Machi 2024. Siku hiyo ilipofika tume haikuwa na kamishna hata mmoja: wa mwisho walimaliza muda wao Januari 2023, na wapya wakaapishwa Julai 2025. Juu ya hayo mahakama ikabatilisha takwimu za sensa ya 2019 za sehemu za kaskazini mashariki. Mipaka mipya isipokamilika miezi 12 kabla ya uchaguzi haitumiki kwa uchaguzi huo. Yaelekea basi Agosti 2027 tutapiga kura ndani ya mistari ile ile, na mtoto aliyehesabiwa akiwa mgongoni mwa mamake usiku wa sensa ya 2009 atasimama foleni na kitambulisho chake, katika wadi iliyokatwa kwa kipimo cha siku zile. Kwa anayetafuta kura, hali hii ni tamu: anaahidi wadi mpya ambayo hakuna awezaye kumdai kwa sasa.

Mkutano ulifungwa kwa dua. Kisha ikapitishwa karatasi ya saini, yenye safu ya jina, namba ya kitambulisho, na safu nyembamba ya maoni ambamo karibu kila mtu alikuwa ameandika "naunga mkono". Ilinifikia baada ya mama wa mahamri. Yeye kwenye safu ya maoni alikuwa ameandika neno moja, "maji". Mimi nikaandika kwamba mpaka wa sasa utolewe mtaroni upelekwe barabara ya lami, mitaa iliyozidi iende kwa jirani mwenye watu wachache, na wadi ibaki moja. Ilibidi niyabane maandishi mpaka ukingoni mwa karatasi. Kijana aliyekuwa akikusanya saini akasoma mara mbili, akanitazama, akaniuliza kama hiyo aihesabu kwenye ndiyo au kwenye hapana.