Nani Atatoa Mchanga Bandarini?

Ukishuka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay siku hizi unashuka kwa lami, kilomita 66 za kona na miteremko, ukiacha baridi ya Umatengo na kukutana na joto la ufukweni. Njiani utaona ngoro zimetanda milimani kama nyavu zilizoanikwa. Mmatengo hufyeka majani, akayalaza kwa mistari inayokatana, akayafukia kwa udongo anaouchimba katikati. Maharage hupandwa kwenye matuta, na maji ya mvua hutulia mashimoni badala ya kukimbia na udongo. Mashamba hayo yameshikilia miteremko mikali vizazi kwa vizazi kwa sababu moja: baada ya kila misimu michache mashimo huchimbwa upya. Hakuna anayelima ngoro mara moja akaziacha.

Huku chini ziwani tunafanya kinyume.

Sisemi kwamba serikali haijaweka fedha Ziwa Nyasa. Imeweka. Mwaka 2017 Mamlaka ya Bandari iliingiza majini matishari mawili, MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja likiwa na uwezo wa tani 1,000, na Januari 2021 ikazinduliwa MV Mbeya II ya abiria na mizigo. Bandari mpya ya Mbamba Bay imetengewa zaidi ya shilingi bilioni 80. Tishari moja likijaa limebeba mzigo wa malori 33 ya tani thelathini. Mtu anayeishi kando ya barabara wanakopita wabeba makaa ya mawe ya Ngaka, usiku na mchana, anajua malori 33 maana yake nini kwa lami na kwa watoto wanaovuka kwenda shule.

Lakini tishari linahitaji kina. Kule Kyela, Mto Kiwira unateremsha mchanga wa Rungwe mpaka ziwani, na lango la bandari ya Itungi limekuwa likijaa miaka nenda rudi. Kina kikipungua, nahodha hupunguza shehena au husubiri. Huku kwetu, pasipo na gati, meli hutia nanga mbali na mitumbwi ndiyo huenda kuipokea. Kuli anaingia maji ya kiuno na gunia la mahindi begani; likilowa, hasara ni ya mkulima. Mama mwenye dagaa haulizi meli ilinunuliwa kwa bilioni ngapi. Anauliza inakuja lini.

Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, ina kumbukumbu ya jambo hili. Agosti 1914 meli yao Hermann von Wissmann ilishambuliwa na Waingereza ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Yaani zaidi ya karne iliyopita, ufukwe huu ulikuwa na mahali pa kupandishia meli na mafundi wa kuitazama.

Barabara zina Mfuko wa Barabara, unaolishwa na tozo ya mafuta, kwa hiyo shimo likitokea kuna mahali pa kuombea fedha. Njia ya majini haina mfuko wa namna hiyo. Nchini Marekani, wenye matishari ya mitoni hulipa kodi ya mafuta inayoingia katika mfuko wa ujenzi na ukarabati mkubwa wa njia zao, na mwaka 2014 wao wenyewe waliunga mkono kodi hiyo ipande kutoka senti 20 hadi 29 kwa galoni. Walijua kungoja lango la mtoni lililoharibika ni ghali zaidi.

Ninachodai ni kidogo: sehemu ya tozo zinazokusanywa katika bandari za Nyasa ibaki Nyasa, iandikwe katika kasma yake, itumike kuchimba mchanga, kuweka maboya na kupandisha meli chelezoni kwa ratiba inayojulikana. Wabunge wa Nyasa, Mbinga, Ludewa na Kyela mnakaa ukumbi mmoja. Bajeti ijayo, kabla hamjaomba meli nyingine, ulizeni kwa pamoja kasma hiyo ina shilingi ngapi.