Paka wa nyumba haingwa, hata akikosea

Wahenga walinena kwamba paka wa nyumba haingwa. Kwa miaka mingi nimeitumia methali hii darasani kama mfano wa kitenzi cha kale, inga, chenye maana ya kufukuza, ambacho wengi wa vijana wetu hawakijui tena. Mwezi uliopita nilikwenda kumjulia hali mama yangu huko Matiliku, katika Kaunti ya Makueni, nikatambua kwamba kilichosahauliwa si kitenzi peke yake, bali pia hekima iliyomo.

Nilimkuta mpwa wangu ameshika gunia tupu. Paka wa mama, aliyeilinda nafaka yake kwa miaka minne, alikuwa amekojolea magunia ya mahindi mara tatu katika juma moja. “Mjomba, paka huyu amekuwa jeuri,” kijana alisema. “Namtia humu nikamwachilie sokoni Emali.” Nilipojaribu kumtetea mnyama, mama alinikata kauli: “Mwanangu, wewe fundisha maneno, mahindi niachie mimi.”

Msomaji wa mjini huenda akacheka, lakini hasira ya mama haikuwa ya bure. Mwaka 2004, sumu ya aflatoksini inayotokana na kuvu wa nafaka iliyohifadhiwa na unyevu iliwaua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Tangu hapo, unyevu ghalani ni jambo linalowakosesha wazee wetu usingizi.

Hata hivyo, kumfukuza paka kulikuwa ni kuruka majivu na kukanyaga moto. Paka akiondoka, panya hutawala. Panya hula nafaka, hutoboa magunia na kuyachafua kwa mkojo na mavi. Kisha mwenye nyumba hulazimika kununua sumu na kuiweka hatua chache tu kutoka kilipo chakula cha watoto na kuku. Fauka ya hayo, kumtupa ugenini mnyama uliyemfuga mwenyewe ni ukatili, na Sura ya 360 ya sheria za Kenya inakataza ukatili kwa wanyama.

Nikiwa mwanaisimu, nililitafakari sana neno jeuri. Lugha humvika mnyama nia za binadamu: twasema paka ana kisasi, ana kiburi, ana dharau. Tukishampa sifa hiyo hatuulizi tena chanzo cha kosa, kwa kuwa dawa ya jeuri ni adhabu. Lakini wataalamu wa wanyama wanatueleza kwamba paka hakojoi ovyo ili kulipiza kisasi. Kosa lake ni dalili, na kazi yetu ni kuisoma.

Swali la kwanza ni kama mnyama anaugua. Paka anayechuchumaa mara kwa mara, akatoa matone tu au damu, akalia na kujilamba sehemu za siri, huenda ana maradhi ya kibofu. Akiwa dume, jambo hilo ni la dharura. Njia yake ya mkojo ni nyembamba, na ikiziba anaweza kufa katika siku mbili tatu. Huyo asipigwe, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Pili, dume asiyehasiwa husimama, akainua mkia na kurusha mkojo ukutani ili kuonyesha mipaka ya milki yake. Kumhasi hupunguza sana tabia hiyo. Tatu, paka huchukia mahali pachafu, pagumu au penye vitisho. Kwa asili yake huchimba udongo tifutifu, akajisaidia na kufukia. Akiukosa udongo huo, atatafuta kitu kingine kilicho laini, na ghalani kitu hicho ni gunia.

Paka wa mama ni jike, alikuwa mchangamfu na mkojo wake haukuwa na shida. Tulipoizunguka nyumba, jibu likajitokeza. Udongo wa nyuma ya jiko alikozoea kwenda ulikuwa umefunikwa kwa saruji ili kuweka tangi la maji ya mvua, na kando yake palifungwa mbwa mchanga aliyeletwa siku hizo hizo. Paka hakuwa jeuri. Alikuwa amenyang'anywa choo bila kuonyeshwa kingine.

Dawa yake haikugharimu fedha nyingi. Tulijaza mchanga wa mto katika karai kuukuu, tukaliweka mahali patulivu, mbali na mbwa na mbali na chakula cha paka. Mpwa wangu akapewa kazi ya kuondoa uchafu kila siku na kunawa mikono baadaye. Kazi hiyo haimfai mama mjamzito, maana kinyesi cha paka chaweza kuwa na vimelea vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni. Mahindi yaliyolowa tuliyatupa, magunia tukayainua juu ya mbao, na sakafu ikaoshwa kwa sabuni na siki, kwa kuwa harufu ikibaki humrudisha paka pale pale. Siku kumi baadaye mama alinipigia simu kunieleza kwamba paka alikuwa amekosea mara moja tu, na kwamba karai sasa ni lake.

Siandiki haya kwa ajili ya paka mmoja. Makueni ni miongoni mwa kaunti zilizotangulia kuchanja mbwa kwa wingi, chini ya mpango wa taifa wa kutokomeza kichaa cha mbwa wa mwaka 2014 hadi 2030. Yafaa maafisa wa mifugo wanapofika vijijini kwa kazi hiyo wawahasi paka pia, na kuwaeleza wananchi dalili nilizozitaja. Mkulima asiambiwe kwamba daktari ni wa ng'ombe na mbuzi tu, ilhali mlinzi wa chakula chake ni paka.

Kitenzi inga huenda kikafa, kwani lugha hupoteza maneno kila kizazi. Lakini tungali na kitenzi kukosa, chenye maana ya kutenda kosa na pia ya kutopata kitu. Kabla hatujamwinga paka wa nyumba, tuulize amekosa nini, kwa maana zote mbili.