Walimu wa Kiswahili Wanaotafutwa Uganda Wako Nakivale

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Halikuwa jambo jipya kabisa. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalishakitambua kuwa lugha rasmi ya pili, na mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020 ulishakiweka miongoni mwa masomo ya lazima kwa kidato cha kwanza na cha pili. Mwaka 2023 Kampala ikaandaa hata sherehe za Siku ya Kiswahili Duniani za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hotuba hazikukosekana. Wanaokosekana hadi leo ni walimu.

Wakati huohuo, wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa nchi, kuna makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Ukipita sokoni pale utasikia Kiswahili kuanzia kwa muuza dagaa hadi kwa vijana wa bodaboda. Ndivyo ilivyo katika makazi ya Kyaka II, Rwamwanja na Kyangwali pia. Uganda inahifadhi wakimbizi wengi kuliko nchi yoyote ya Afrika, na Wakongomani peke yao ni zaidi ya nusu milioni, wengi wakitoka Kivu na Ituri ambako Kiswahili ndicho kinachowaunganisha watu wa makabila mbalimbali. Nchi inalia haina walimu wa lugha, na wenye lugha wamo ndani ya mipaka yake. Inakuwaje basi kijana wa Kikongomani anayetaka kusomea lugha na ualimu awekewe vizingiti vingi namna hii?

Tuitazame njia yenyewe. Binti aliyemaliza sekondari Rutshuru, huko Kivu, akakimbia vita, akavuka mpaka pale Bunagana na kupokewa katika kituo cha Nyakabande kabla ya kupelekwa Nakivale, amesoma sekondari yote kwa Kifaransa. Cheti chake, kama hakikuteketea pamoja na nyumba, ni cha Kifaransa. Ili chuo kimfikirie, sharti kitafsiriwe kwa Kiingereza, kisha kipelekwe Baraza la Mitihani la Taifa, UNEB, kilinganishwe na vyeti vya Uganda, na kila hatua ina ada yake. Kutoka Mbarara tu, mji ulio karibu na Nakivale, hadi Kampala ni takriban kilomita 270. Kwa anayetegemea mgao wa msaada ambao umekuwa ukipunguzwa, nauli ya safari hiyo si pesa ya mchezo. Na yule ambaye cheti chake kiliungua, amwandikie nani? Mkuu wa shule iliyo katikati ya mapigano?

Akivuka hapo anakutana na Kiingereza. Vyuo vya ualimu vinafundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo inambidi kwanza akijifunze hicho ndipo aruhusiwe kufundisha lugha anayoisema tangu utotoni. Sidharau Kiingereza. Mwalimu Uganda atakihitaji kwenye vikao, kwenye waraka wa wizara, kwenye kuzungumza na wazazi. Lakini hicho anaweza kukisoma huku anafundisha. Kukifanya mlango wa kuingilia ni kugeuza mambo juu chini.

Wapo wanaopinga, na hoja yao nzito kuliko zote ni ya ubora wa lugha. Kiswahili cha Goma sicho cha kitabu cha darasani. Huko watoto ni "batoto", anayekwenda atakwambia "niko naenda", upatanisho wa ngeli umelegea, na Kifaransa kimejaa katikati ya sentensi. Mtihani unadai Kiswahili sanifu. Zaidi ya hayo, kuizungumza lugha na kuifundisha ni kazi mbili tofauti, na hata Unguja na Mombasa wapo wazawa wanaoanguka kwenye insha.

Nayakubali yote hayo, lakini mlinganishe kijana wa Kikongomani na anayependekezwa badala yake: mwanafunzi anayeanza Kiswahili ukubwani, akakariri ngeli zote, akafaulu, ila hawezi kubishana bei sokoni kwa lugha hiyo. Nani kati yao ni rahisi kumrekebisha? Upatanisho wa kisarufi hufundishika kwa miezi kadhaa kwa mtu ambaye masikio na ulimi tayari ni vya lugha hiyo. Sikio na ulimi huchukua miaka, na wengine hawavipati kabisa. Tena kijana huyu wa Kikongomani ameshapita mwenyewe njia ya mjifunza lugha: Kihunde au Kishi nyumbani, Kiswahili mtaani, Kifaransa shuleni. Na hicho Kifaransa nacho sekondari kadhaa za Uganda zinakihitaji.

Kwani wakimbizi hawafundishi tayari? Katika shule za msingi za makazi wapo wasaidizi wa darasani, wakimbizi wanaosimama kando ya mwalimu na kuwafasiria wadogo somo. Wanalipwa posho, na mradi ukiisha nao wanarudi nyumbani.

Ipo pia hoja ya ajira: raia wa Uganda mwenye diploma ya Kiswahili na asiye na kazi ana haki ya kung'aka. Ila kosa ni la serikali inayotangaza somo la lazima bila kutenga mishahara. Kumzuia mkimbizi asisome hakumwajiri raia. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, na Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu 2010, inazitaka nchi za Jumuiya zitambuliane vyeti. Kongo iliingia Jumuiya 2022.

Kuna faida nyingine isiyosemwa sana. Waganda wengi, hasa wazee, Kiswahili walikijua kwa mdomo wa askari, na miaka ya Idi Amin iliacha kovu. Mtoto atakayekisikia mara ya kwanza kwa binti wa Rutshuru anayemfundisha kwa upole hatakirithi kinyongo hicho.

Wizara ya Elimu na Michezo haihitaji jengo jipya kuanza. Iandae mtihani wa Kiswahili, wa kusema na kuandika, ufanyikie hukohuko kwenye makazi na uwe wazi hata kwa asiye na cheti. Anayefaulu apewe mwaka mmoja wa Kiswahili sanifu na mbinu za kufundisha, Kiingereza kikienda sambamba. Wahadhiri wa Makerere na Kyambogo wanaoweza kuiendesha kazi hiyo wapo. Waanze Isingiro.