Si Kila Usafi ni Heshima

Watu wa pwani yetu husugua mdila wa kahawa kwa ndimu na majivu mpaka mtu akaona uso wake katika shaba kama aonavyo katika kioo. Hufanya vema. Mdila ni chombo cha kazi. Leo wamnywesha mgeni huyu, kesho utamnywesha mwingine, na usafi wake ni heshima ya mwenye nyumba. Walakini desturi iliyo njema mahali pake yaweza kuwa uharibifu mahali pengine. Katika insha hii nataka kuushitaki mkono uo huo usuguao, pale unaposhika kitu cha kale kilichokwisha maliza kazi yake kikabaki kuwa shahidi. Shahidi hupewa nafasi ya kusema. Hasuguliwi mpaka akawa bubu.

Mfano wangu ni kitu kidogo kinachoenea katika kiganja cha mkono. Ni kigurudumu kifungwacho kwenye ufito wa kuvulia samaki ili mshipi ukunjwe juu yake. Wavuvi wa burudani hukiita rili. Rili si jambo la jana. Mchoraji wa China, Ma Yuan, alimchora mvuvi aliye peke yake mashuani, ana rili mkononi, yapata mwaka 1195. Na picha hiyo imehifadhiwa Tokyo. Huko Uingereza, Thomas Barker alikitaja kigurudumu hicho katika kitabu chake cha uvuvi cha mwaka 1651. Siku hizi wako watu, hasa Uingereza na Marekani, wakusanyao rili za kale kama wengine wakusanyavyo stempu. Wengi wao ni watunzaji wema. Lakini miongoni mwao wamo wasuguaji, na hao ndio ninaogombana nao.

Msuguaji hununua rili ya shaba iliyopiga weusi. Huipaka dawa ya kung'arishia, huisugua usiku kucha, kisha huiweka katika kabati la kioo akawaita rafiki zake: "Tazameni, nimeirudishia ujana wake." Hakuirudishia kitu. Ameunyang'anya uzee wake, na ujana wenyewe haukurudi.

Nitaleta ushahidi wa shitaka langu. Katika mji wa Alnwick, kaskazini ya Uingereza, ndugu wa jamaa ya Hardy walianza biashara yao mwaka 1872. Katika miaka ya 1890 walitoa rili waliyoiita Perfect, ambayo kigurudumu chake kilizunguka juu ya gololi ndogo ndogo. Rili nyingi za shaba za namna hii zilitiwa rangi ya weusi-weusi kiwandani, kwa makusudi. Kwa nini? Kwa sababu shaba tupu humetameta juani, na mmeto huo huwashtua samaki. Basi mtu aisuguaye rili kama hiyo mpaka ikang'aa anadhani anaondoa uchafu, kumbe anaondoa kazi ya fundi. Anatengeneza kitu ambacho hakikupata kuwako duniani: rili ya Hardy ambayo Hardy mwenyewe hakuitaka. Tena juu ya rili hizo ulipigwa muhuri mdogo wa mkono ulioshika ufito. Muhuri huo ni wa kina kidogo, na kila msuguo huupunguza. Baada ya misuguo mingi, jina la baba limefutika katika uso wa mtoto.

Twende Marekani. Mwanzoni mwa karne ya 19, George Snyder, fundi wa saa katika mji mdogo uitwao Paris katika jimbo la Kentucky, alitengeneza rili yenye meno kama ya saa, hata mkono uzungushapo mara moja, kigurudumu kizunguke zaidi ya mara moja. Wakafuata ndugu wawili, Jonathan na Benjamin Meek, nao ni mafundi wa saa, katika mji wa Frankfort. Katika rili za mafundi wa Kentucky mara nyingi kila skrubu ilifanyizwa kwa tundu lake, ikatiwa namba yake ndogo. Msuguaji huja na haraka yake, huzifungua zote, huzimwaga katika bakuli moja la dawa, kisha huzirudisha kwa nguvu popote ziingiapo. Kazi iliyodumu zaidi ya karne moja imeharibika kwa jioni moja.

Mpinzani wangu atauliza, "Je, niiache iliwe na kutu?" La hasha! Futa vumbi kwa kitambaa laini. Ondoa chumvi na grisi iliyoganda. Tia tone la mafuta katika mhimili. Zuia ukoga wa kijani ulao shaba. Hayo yote ni utunzaji. Mpaka ni huu: ondoa kinachokila kitu, usiondoe alama za maisha yake. Kikono kilicholika kwa kidole gumba, mkwaruzo wa jiwe la mtoni, weusi wa miaka mingi: hizo ndizo habari za mtu aliyevua samaki kwa rili hiyo, na huenda hana kumbukumbu nyingine juu ya ardhi.

Atasema tena, "Rili ni mali yangu." Kweli, umeilipia. Lakini fundi amekufa, na mvuvi wa kwanza amekufa, na wewe utakufa. Nayo yatazamiwa kuwapita wote watatu. Mwenye kitu cha kale ni mlinzi wa zamu. Mlinzi hana ruhusa ya kubomoa lango kwa kuwa leo ni zamu yake.

Mwisho atasema, "Wanunuzi hupenda king'aacho." Wanunuzi wasiojua, naam. Wajuzi huitoa thamani rili iliyosuguliwa, na wana haki, kwa maana mng'aro huwafaa wadanganyifu: kipande kipya na kipande cha kale vikisuguliwa pamoja, hakuna awezaye kuvitenga kwa macho.

Labda wewe, mwanafunzi wa Kenya, utauliza, "Haya yanihusu nini?" Yanakuhusu. Samaki wa trauti hakuwamo katika mito yetu ya milimani. Ewart Grogan ndiye aliyemtia katika mto Gura, milima ya Nyandarua, mwaka 1905. Na nyuma ya samaki zilikuja fito na rili. Yamkini rili moja imelala leo katika ghala la nyumba kuukuu, ikingoja kuuzwa kwa uzito pamoja na vyuma vikuukuu.

Hata usipoiona rili maishani mwako, mkuki wa babu yako utauona, au taa ya shaba, au bangili, au kasha la njumu, au chubwi ya mvuvi. Siku utakapopewa kazi ya kukisafisha kitu hicho, usikimbilie waya wa kusugulia sufuria. Uliza kwanza: nani alikitengeneza? Nani alikitumia, na kwa kazi gani? Kina alama ipi? Yaandike majibu ya wazee kwenye karatasi, uihifadhi pamoja na kitu chenyewe, kwa maana wazee nao hawakai milele. Majuto ni mjukuu, na rangi iliyoondolewa kwa waya hairudishwi kwa majuto.

Nyumbani, endelea kuusugua mdila, mgeni yu njiani. Lakini kilicho cha kale kifute vumbi, kitie mafuta, kisha ukae kitako ukisikilize.