Shime kwa Watu wa Kinyangiri: Hesabu na Kiingereza kwa Vijana wa Vyuoni

Ndugu zangu wa Kinyangiri, wazee kwa vijana, wake kwa waume, na ninyi mlio mbali, Singida mjini, Arusha na Dar es Salaam, ambao jamaa zenu wangali huku: nawaandikia kwa taadhima juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu amelijua kwa sehemu, na kwa sababu hiyo hapana hata mmoja aliyelishika lote akalisimamia. Vijana wetu waliokwisha kutoka shuleni, ama kwa kumaliza darasa la saba, ama kwa kukwama kidato cha pili au cha nne, ama kwa kupata mimba na kufunga madaftari kabla ya wakati, huenda kutafuta fani katika Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha Msingi, humu humu wilayani Mkalama, na katika vyuo vya VETA, au hujiandikisha kuwa watahiniwa wa kujitegemea. Na huko wanakokwenda kwa matumaini, kinachowazuia aghalabu si nyundo wala cherehani, bali ni hesabu na Kiingereza, masomo yale yale mawili yaliyowashinda walikotoka.

Wala tusiseme kwamba vijana hawa hawana akili. Matokeo ya kidato cha nne yatangazwayo na Baraza la Mitihani yamekuwa yakituarifu, mwaka baada ya mwaka, kwamba katika watahiniwa kumi wa Hisabati wanaofaulu hawafiki watatu. Na taifa ambalo watoto wake saba katika kumi wanaanguka katika somo moja haliwezi kwa insafu kuwalaumu watoto hao saba peke yao. Hesabu hujengwa juu ya hesabu. Mtoto aliyeugua au aliyechunga ng'ombe majuma yale ambayo darasa la nne walikuwa wakifundishwa sehemu, atakutana na desimali bila ya kuzielewa sehemu, na asilimia bila ya kuzielewa desimali, na aljebra bila ya kukielewa chochote katika hayo. Na kila mwaka mwalimu mwenye wanafunzi wengi mbele yake ataendelea na mtaala kama alivyoamriwa, hata siku moja yule mtoto aseme moyoni mwake kwamba hesabu ni za watu wengine. Kiingereza nacho kina masaibu yake. Mtoto wa hapa kwetu huanza na Kinyiramba au Kinyisanzu nyumbani, akapata Kiswahili, akasoma kwacho miaka saba. Kisha ghafula, siku aingiapo kidato cha kwanza, biolojia na jiografia na hizo hesabu zenyewe zinasemwa kwa lugha ambayo hajapata kuisikia ikitumiwa kununulia chumvi wala kutolea salamu.

Sasa kijana huyo anafika chuoni. Anajifunza uashi, umeme wa majumbani, ushonaji, useremala au ufundi wa magari, na mikono yake inafanya kazi njema. Walakini akipewa karatasi ya hesabu ama ya Kiingereza anaganda. Nami nadai, na ndilo neno langu kubwa katika waraka huu, kwamba dawa ya kuganda huko si kumsomesha tena kwa namna ile ile iliyomshinda, bali ni kumfundisha hesabu na Kiingereza kutoka ndani ya fani aliyoichagua, na kwamba kazi hiyo chuo hakiwezi kuifanya peke yake, madhali watu wenye fani hizo, wenye kuzitumia kila siku, ni sisi wenyewe.

Mtazameni mwashi anapopima msingi wa nyumba. Kwa kuwa anataka pembe zake ziwe mraba kamili, huvuta kamba, akatia alama ya mita tatu upande mmoja na mita nne upande wa pili, kisha akapima kutoka alama hata alama. Ikitimu mita tano anajua pembe yake ni sawa, na isipotimu anasogeza kigingi. Hiyo ni kanuni ya Pithagora, iliyo katika vitabu vya sekondari, na kijana aliyepewa sufuri kwa kutoijua ubaoni ameishika kamba yake mara nyingi pasipo mtu yeyote kumwambia kwamba alichokuwa akikifanya ni hisabati. Achanganyapo zege kwa karai moja la saruji, mawili ya mchanga na manne ya kokoto, yumo katika uwiano. Fundi cherehani akatapo sketi ya marinda yumo katika kugawanya na kuzidisha. Na mkulima wa vitunguu anayelazimishwa kujaza rumbesa, ilhali sheria ya vipimo hairuhusu kifungashio cha mazao kizidi kilo 100, yumo katika asilimia kwa hasara yake: kama kila gunia limezidi kwa kilo 30 naye akalipwa bei ya kilo 100, basi katika magunia kumi ametoa bure uzito wa magunia matatu, na aliyekuwa hajafunzwa kulipiga hesabu jambo hilo atarudi nyumbani akiulaumu msimu. Seuze mikopo hii watu waiitayo kausha damu. Anayekopa shilingi 100,000 na kutakiwa arejeshe 130,000 baada ya mwezi huziona 30,000 kuwa ni fedha kidogo za kuokolewa katika dhiki, wala haoni kwamba riba hiyo kwa mwaka ni asilimia 360. Somo la namna hii kijana hatalisahau, kwa kuwa linamhusu yeye na mama yake.

Kiingereza nacho na kifundishwe hivyo. Kijana wa umeme aanze na maneno yaliyochapwa juu ya mota na mita, wa magari aanze na kitabu cha matengenezo, na anayetaka kuendesha mashine ya kukamua alizeti aanze na kijitabu kilichokuja ndani ya sanduku lake. Kisha wajifunze kuandika ankara, barua ya kuomba kazi na maelezo mafupi ya kazi waliyoifanya. Nyakati za vitenzi zitakuja, na lazima zije, lakini zije zikiwa zimebebwa na jambo ambalo kijana analo la kusema.

Iko ibra ya ugenini inayofaa tuitazame. Huko Uingereza, ambako lugha hiyo ndiyo ya mama kwa walio wengi, tangu mwaka 2014 kijana wa miaka 16 hadi 18 ambaye hakupata alama ya kufaulu Kiingereza au hisabati hana budi kuendelea na somo hilo chuoni pamoja na fani yake. Nia ilikuwa njema, na wako walionufaika. Lakini wengi waliorudishwa kwenye mtihani ule ule wakaanguka tena, na walimu wao wameungama kwamba kumrudisha mtu palepale alipovunjika moyo kunaweza kumzidishia kuvunjika. Tuichukue azma yao, kwamba kijana asiachwe, na tujihadhari na kosa lao.

Nasi tuna ibra yetu wenyewe, iliyo kubwa zaidi. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, madarasa ya kisomo yakafunguliwa chini ya miti, majumbani na maghalani, na waliofundisha hawakuwa wote walimu wa kusomea. Wengi walikuwa ni majirani waliojua kusoma, waliokuja jioni kwa posho isiyotosha hata sabuni. Kufikia mwaka 1986 serikali ilihesabu waliojua kusoma kuwa asilimia 90. Vyuo vyenyewe vya maendeleo ya wananchi vilianza mwaka 1975 katika harakati hizo hizo, kwa fikra iliyotoka Uswidi, na sasa viko zaidi ya 50 katika nchi nzima. Wako hapa Kinyangiri wazee waliokaa katika madarasa yale ya kisomo, na wako waliofundisha; hao sina haja ya kuwashawishi kwamba jambo hili lawezekana.

Ninaloliomba ni darasa la jioni, mara mbili kwa juma, kuanzia Julai, alizeti ikiwa imekwisha kuvunwa, hata Oktoba, kabla ya mvua kutuita mashambani. Saa kumi hadi saa kumi na mbili, mwanga wa jua ukingalipo, katika vyumba vya shule zetu vinavyobaki vitupu saa hizo. Liwe kwa wanaojitayarisha kwenda chuoni, kwa walio likizo, na kwa watahiniwa wa kujitegemea. Kazi ya juma la kwanza iwe ni kumtambua kila mmoja amekwama wapi, pasipo alama wala kutangaza majina, ili aliyekosa sehemu aanzie kwenye sehemu. Hesabu zisemwe kwanza kwa Kiswahili hata zikaeleweka, ndipo istilahi zake za Kiingereza zifuate. Walimu wastaafu mlio katikati yetu, ninyi ndio nguzo. Vijana mliomaliza kidato cha sita mkisubiri vyuo vikuu, ninyi ndio muawana wao. Nanyi waashi, mafundi umeme na mafundi cherehani, njoni jioni moja moja na kamba zenu, mita zenu na vitambaa vyenu, mfundishe kwa zana mnazozitumia. Wakufunzi wa chuo cha Msingi tuwaombe watuonyeshe ni maarifa gani hasa huwapungukia wanafunzi wanapowasili, tusije tukatwanga maji kinuni.

Tena tuwakumbuke mabinti. Tangu Novemba 2021 serikali imewafungulia mlango wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito warudi shuleni, na vyuo vya wananchi vimekuwa vikiwapokea wale ambao umri au hali haikuwaruhusu kurudi katika darasa la kawaida. Lakini mlango uliofunguliwa na serikali waweza kufungwa na ndoo ya maji ya saa kumi jioni. Baba amwachilie binti yake saa mbili hizo, bibi amshike mjukuu, na kaka achote maji. Asiyeweza hayo asijisumbue kuchangia chaki.

Najua watakaosema kwamba elimu ni kazi ya serikali, na kwamba tunalipa kodi. Ni kweli, na haki yetu ya kudai walimu wa hisabati tusiiache hata siku moja. Lakini kijana aliye na miaka 19 leo hatakuwa na miaka 19 siku ajira za walimu hao zitakapotangazwa.

Mkutano mkuu wa kijiji upo kwa mujibu wa sheria, na huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Nawasihi tulitie jambo hili katika ajenda za mkutano ujao, kabla ya mavuno, tuchague watu watano wa kulisimamia, wawili kati yao wawe vijana wanaohitaji darasa lenyewe. Mwenye saa mbili kwa juma azitaje mbele ya watu. Mwenye debe la alizeti, au benchi, au vitabu vilivyolala kabatini, naye avitaje hapo hapo, na mtendaji wa kijiji aandike majina.