Sadaka ya Palestina na fungu la jirani wa mlimani

 

Waislamu wa Moshi wameichangia Palestina kwa moyo mkunjufu tangu vita vya Gaza vilipozuka Oktoba 2023. Sanduku limepitishwa safu kwa safu baada ya swala ya Ijumaa, akina mama wamekusanya ya kwao katika vikundi, na vijana wametuma kwa simu. Lakini tangu mapigano yaliposimamishwa Oktoba 2025, swali tunaloulizwa limebadilika. Zamani watu waliuliza watume nini. Sasa wanauliza: je, inafaa tuhamishie huko zaka yetu yote, na hata zakatul-fitri, maadamu wale wana shida kuliko maskini wa hapa?

Shida yao haina ubishi. Wizara ya Afya ya Gaza ilihesabu zaidi ya watu 70,000 waliouawa hadi mwishoni mwa mwaka 2025. Agosti 2025 wataalamu wa chakula wanaoungwa mkono na Umoja wa Mataifa walitangaza rasmi njaa katika mkoa wa Gaza. Wala dhiki hii haikuanza juzi: UNRWA, shirika la wakimbizi wa Kipalestina, liliundwa Desemba 1949, nalo limeandikisha wakimbizi takriban milioni 6 walioenea Gaza, Ukingo wa Magharibi, Jordan, Lebanon na Syria. Taifa letu nalo si geni katika jambo hili, kwani lilivunja uhusiano na Israeli mwaka 1973, likaitambua dola ya Palestina mwaka 1988. Uhusiano na Israeli ulirejea mwaka 1995, lakini ubalozi wa Palestina uko Dar es Salaam hadi leo.

Ama hukumu ya kuhamisha zaka, wanazuoni wamekhitalifiana. Mtume (s.a.w.) alipomtuma Muadh bin Jabal Yemen alimwagiza awafahamishe watu kuwa zaka huchukuliwa kwa matajiri wao na kurejeshwa kwa mafakiri wao. Kutokana na hayo, kauli mashuhuri ya madhehebu ya Imam Shafii, tunayoyafuata wengi wetu Afrika Mashariki, ni kwamba zaka haihamishwi ilhali wanaostahiki wapo mjini. Mahanafi wameona kuhamisha ni karaha, isipokuwa kwa jamaa au kwa wenye haja kubwa zaidi. Na imepokewa kuwa Muadh huyo huyo alimpelekea Sayyidna Umar sehemu ya zaka ya Yemen. Umar akamhoji, naye akajibu kuwa hakumpata wa kuipokea.

Je, sisi tumekosa wa kuipokea? Atembee anayetaka kuanzia Njoro hadi Pasua, kisha apande Uru na Old Moshi. Atamkuta bibi kizee anayelea wajukuu wanne kwa migomba iliyochoka. Kwa hiyo rai yetu ni hii: zakatul-fitri ibaki hapa yote, ifike kwa maskini kabla ya swala ya Idi. Zaka ya mali, fungu lake kubwa libaki, na anayeifuata kauli ya ruhusa kwa sababu ya dharura ile asilaumiwe. Sadaka ya hiari haina mpaka, na hiyo ndiyo mlango mpana wa Gaza.

Tuseme wazi jambo linalotukera. Wapo wanaopeleka zaka Gaza ili wasitoe kitu kingine juu yake. Mtu huyo amelipa deni lake tu, tena amemruka mdai aliye karibu. Na kabla ya kugombania zaka ihamie wapi, tuulizane ni wangapi wanaoitoa. Mkulima wa mahindi kule tambarare, na wa mpunga wa Mabogini na Chekereni, mazao yake yakifikia nisabu ya wasaki 5, ambayo wengi huikadiria kilo 653, anadaiwa sehemu ya kumi. Akimwagilia kwa pampu ya gharama, nusu ya hiyo. Deni hilo hudaiwa wakati wa mavuno, wala halingojei Ramadhani.

Mlima huu una msiba wake pia katika vita hivi. Kijana wa Rombo aliyekwenda Israeli kujifunza kilimo aliuawa katika shambulio la Oktoba 7, 2023, akazikwa kwao mwezi uliofuata. Mwenzake wa Simanjiro mwili wake ulirudishwa Novemba 2025. Hawakubeba silaha, na sharia yetu imekataza kuua wasiopigana. Koo zetu zina Waislamu na Wakristo wanaopakana vihamba na kuzikana. Anayesimama kuombea michango ya yatima wa Gaza kwa maneno ya kumtonesha jirani aliyefiwa, huyo ameiharibu sadaka kabla haijatoka mlangoni.

Linabaki suala la amana. Katikati ya mwaka 2025, kwa kuwa noti zilikuwa adimu Gaza, waliobadilisha fedha za benki kuwa taslimu walikata hadi takriban asilimia 40. Anayetuma kwa namba asiyoijua hawezi hata kuuliza kilichofika. Taasisi iliyosajiliwa, yenye ghala Misri au Jordan na watu wake ndani, ni bora. Ubalozi wa Dar es Salaam unaweza kuulizwa. Ipo pia Hilali Nyekundu ya Palestina, iliyoanzishwa mwaka 1968 na ambayo tangu 2006 ni mwanachama kamili katika umoja mmoja na Msalaba Mwekundu wetu. Wazee wetu walipounda KNCU mwaka 1933, kahawa ya mkulima ilipimwa kwenye mizani, ikaandikwa. Vipi mali ya yatima ikadiriwe kwa macho? Kamati ya msikiti ihesabu mbele ya mashahidi, iweke benki kwa sahihi za watu watatu, na Ijumaa inayofuata isome kiasi na stakabadhi.

Na kwa kuwa kuijenga upya Gaza ni kazi ya miaka mingi, mchango wa siku moja hautoshi. Jerusalem lipo jiko la wakfu lililoasisiwa mwaka 1552 na mke wa Sultani Suleiman, na hadi zama zetu limeendelea kulisha maskini. Nasi watu wa kihamba tunaijua mali isiyouzwa. Familia yenye kahawa inaweza kuweka wakfu mistari michache ya mibuni, mapato yake ya kila msimu nusu yaende kwa yatima wa Palestina na nusu kwa yatima wa kijijini. Muhimu iandikwe mwenye mali akiwa mzima, eneo lake likiwa halina mgogoro, warithi wakiwa wameshuhudia, na msimamizi atajwe kwa jina pamoja na atakayemrithi.