Kibao cha 50 na mteremko wa Iwambi: Kila kipande cha barabara kina dawa yake

Barabara Kuu ya TANZAM, itokayo Dar es Salaam hadi Tunduma, huingia Nyanda za Juu Kusini kwa kupanda Mlima Kitonga mkoani Iringa, ikapita Ilula, Ipogolo, Ifunda na Mafinga, kisha ikakatiza Jiji la Mbeya kuanzia Uyole hadi Iyunga kabla ya kuteremkia Mbalizi. Ni njia ya shehena za Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na papo hapo ni njia ya mwanafunzi anayekwenda shule na mkulima anayepeleka viazi sokoni.

Katika makazi yaliyo kando ya barabara hiyo, dereva hukutana na kibao cha kilomita 50 kwa saa, na mara nyingi askari wa usalama barabarani mwenye kifaa cha kupima mwendo, maarufu kwa jina la tochi. Kutokana na hali hiyo pamekuwepo na mjadala wa muda mrefu. Madereva na wasafirishaji hudai kuwa vibao vya 50 vimekuwa vingi kupita kiasi, vinarefusha safari na ajali bado zinatokea. Wakazi wa kandokando ya barabara, kwa upande wao, huomba mwendo upunguzwe zaidi. Pande zote mbili zina hoja, lakini kila upande unazungumzia aina tofauti ya ajali.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973, imeweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa saa kwa magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500. Msingi wa ukomo huo ni hesabu nyepesi. Gari lililo katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa husogea takribani mita 22 kila sekunde, hata kabla dereva hajagusa breki. Katika kilomita 50 husogea mita 14, na katika kilomita 30 mita 8. Aidha, nguvu ya kugonga katika kilomita 80 ni zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya kilomita 50. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kupunguza wastani wa mwendo kwa asilimia 5 kunaweza kupunguza ajali zinazoua kwa asilimia 30. Kwa hiyo, panapovuka watu, kibao cha 50 si usumbufu kwa msafiri. Ni uhai wa anayevuka.

Hata hivyo, ajali zilizoitikisa zaidi mikoa hii hazikuwa zote za namna hiyo. Machi 11, 2015, eneo la Changarawe, Mafinga, basi liligongana na lori, kontena likaliangukia basi hilo na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Juni 5, 2024, lori lililopoteza breki katika eneo la Simike jijini Mbeya lilisababisha vifo vya watu 13. Mwaka mmoja baadaye, Juni 7, 2025, lori lingine lilishindwa kusimama kwenye mteremko wa Iwambi, na watu 28 wakafariki dunia.

Lori ambalo breki zake zimekufa halisomi kibao. Dereva anayeteremka kwa gia nyepesi, au mbaya zaidi akiwa nyutro ili kuokoa mafuta, huzibebesha breki mzigo ambao injini ingepaswa kuubeba. Breki hupata moto, hupungua nguvu, na hatimaye hazishiki kabisa. Kinga ya hali hiyo huanza juu ya mlima: ukaguzi wa breki kabla ya kuteremka, kuteremka kwa gia nzito, uzito uliothibitishwa kwenye mizani, kontena lililofungwa barabara kwenye tela, na njia ya dharura yenye kifusi ambamo gari lililoshindwa linaweza kuelekezwa na kusimama bila kumgonga mtu.

Nchi jirani ya Kenya ilipitia mjadala kama huu katika kipande cha Salgaa na Sachangwan, kwenye barabara ya Nakuru kuelekea Eldoret. Baada ya ajali mfululizo, ukiwemo msiba wa Desemba 31, 2017 ulioua watu 36, serikali ya nchi hiyo ilijenga kizuizi cha kutenganisha magari yanayopanda na yanayoshuka. Alama zilikuwepo kabla ya hapo. Kilichokosekana ni ukuta wa kuzuia kosa la mmoja lisiwe kifo cha wengi.

Jijini Mbeya, mradi wa njia nne wa kilomita 29 kutoka Nsalaga, Uyole, hadi Ifisi ni hatua ya namna hiyo, kwa kuwa unapunguza msongamano wa malori, daladala na bajaji katika njia moja. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba barabara pana hushawishi mwendo mkubwa na humrefushia safari anayevuka kwa miguu. Bila vivuko salama, taa na matuta yaliyojengwa kwa vipimo, upanuzi unaweza kuhamisha hatari kutoka kwa abiria kwenda kwa mtembea kwa miguu. Uzoefu wa asasi ya Amend, ambayo mpango wake wa maeneo ya shule ulitunukiwa tuzo ya kimataifa mwaka 2019, unaonesha kuwa matuta, vivuko na njia za waenda kwa miguu karibu na shule hulinda watoto hata pale ambapo askari hayupo.

Kwa msingi huo, kupunguza mwendo na kuboresha barabara si mambo ya kuchagua moja. Ilula na Mafinga, penye masoko na shule, mwendo mdogo unahitajika na usimamiwe. Kitonga na Iwambi, kinachotangulia ni breki, gia na miundombinu. Kibao kilichowekwa mahali pasipo na makazi wala kivuko kinapaswa kupitiwa upya na mamlaka husika, kwa sababu dereva anayezoea kupuuza kibao kisicho na maana atapuuza na kile kilicho mbele ya shule.

Wananchi nao wana wajibu. Abiria anayelinyamazia basi linalolipita lori kwenye kona ya mlima, na mmiliki anayeahirisha matengenezo ya breki ili safari isikwame, wote wanachangia hatari ambayo hakuna kibao kitakachoiondoa.